Wasilisho Lisilowasili: Nani Aamue Shairi Lifunguke Vipi?

Katika juma la Siku ya Kiswahili Duniani, sisi washairi wachache wa Nsemulwa tulikubaliana jambo lililoonekana dogo. Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, na wapenzi wa ushairi tunaoandikiana nao hawawezi kufika huku kwa mwaliko wa jioni moja. Wapo walio Tabora, wapo walio Sumbawanga, na mmoja anafanya kazi huko Maskati. Basi tukaazimia kuyakusanya mashairi yetu katika wasilisho moja la slaidi, tuliweke mtandaoni, kisha tusambaze kiungo chake ili kila mmoja asome mahali alipo. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu tu nina kompyuta mpakato na nimezoea kufundishia kwa slaidi.

Miongoni mwa mashairi hayo lilikuwamo la mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye sitamtaja kwa jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Ni shairi la fumbo lenye beti saba. Beti sita zinauliza, ubeti wa saba unafumbua, na katika ubeti huo wa mwisho ndimo alimotia jina lake, kwa desturi ya malenga wa tangu na tangu ya kujitaja katika kaditamati. Nilizipanga slaidi kwa adabu ya mwanafunzi: kila ubeti na slaidi yake, kila mshororo ukitokea kwa zamu baada ya kuguswa, na jibu likisitiriwa hadi tamati. Chini ya slaidi, mahali pa maelezo ya msemaji, nilijiandikia vikumbusho vyangu mwenyewe: hapa vuta pumzi, hapa punguza sauti, hapa wasubiri wabuni.

Kiungo kilipotoka, habari zikaanza kurudi. Ndugu wa Sumbawanga alipiga simu akicheka. Jibu la fumbo alilisoma kabla ya swali, kwa sababu simu yake ilimwonyesha slaidi zote kwa pamoja zikiwa picha ndogondogo, kila mshororo umekwisha kutokea, na vikumbusho vyangu vya kuvuta pumzi vimo chini yake kana kwamba navyo ni sehemu ya shairi. Wa Maskati alisema lilimfungukia katika hali ya kuhaririwa. Alipogusa ili asonge mbele, kibodi ikaruka juu na herufi moja ikaingia katikati ya mshororo wa mzee. Mwanafunzi mmoja wa hapa hapa Nsemulwa alinijia na "Shikamoo, mwalimu" yenye lawama ndani yake. Alipogusa kiungo, kivinjari hakikufungua chochote, kikapakua faili zima kimyakimya. Alipodhani mguso wake haukusikika akagusa tena, kikapakua mara ya pili. Nilikuwa nimetia picha kubwa za mandhari. Bando lake la siku likaishia hapo.

Hayo yote yangevumilika. Lililoniumiza lilikuja baada ya siku chache, shairi liliporudi kwetu kupitia kundi la simu la watu tusiowajua. Ubeti wa sita ulikuwa umebadilishwa vina, na wa saba haukuwapo. Fumbo limebaki bila ufumbuzi na bila mwenyewe. Nilipomsomea mzee alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Sasa mwalimu, jina langu limeshukia kituo gani?"

Sikuwa na jibu. Haya niandikayo leo ndiyo jibu lililochelewa, na nayaelekeza kwa washairi na walimu wa lugha wenzangu, kwa kuwa naamini kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa la mashine. Dai langu ni hili: mshairi anayetuma kazi yake kwa kiungo ana wajibu wa kuamua jinsi itakavyofunguka, kama alivyokuwa na wajibu wa kuhesabu mizani yake. Asipoamua yeye, uamuzi utafanywa hata hivyo. Utafanywa na mtu aliyekaa mbali, aliyeandika mpangilio wa programu fulani, asiyepata kusikia habari ya kituo wala kibwagizo.

Tuanze na kivinjari chenyewe. Kuvinjari, katika Kiswahili kilichotangulia kompyuta, ni kuzungukazunguka mahali kwa kutafuta au kulinda, kama chombo cha doria kipitacho pwani. Ni jina lililopatikana vizuri, ila linatusahaulisha kwamba chombo hicho hakijui kuifungua kila shehena kinachokutana nayo. Kivinjari kinajua kuonyesha kurasa za wavuti, picha, sauti, video, na siku hizi PDF. Chrome imekuwa na uwezo huo ndani yake tangu mwaka 2010, na Firefox tangu 2013. Wasilisho la PowerPoint halimo katika ujuzi wake wa kuzaliwa. Linapofika, kivinjari hufanya kile afanyacho mpokea mizigo wa stendi ya mabasi: husoma lebo. Seva iliyotuma faili huambatanisha maelezo mafupi ya kusema faili hili ni la aina gani, na yaweza kuongeza agizo moja kati ya mawili, ama "lionyeshwe papo hapo", ama "hiki ni kiambatisho, kihifadhiwe". Kisha kivinjari hutazama kama kifaa kina programu iliyojiandikisha kupokea faili la aina hiyo, na kama mwenye kifaa amekwisha kuweka mapendeleo yake.

Agizo la kwanza ni ombi tu. Seva ikisema "lionyeshwe" na kivinjari hakijui kulionyesha, faili litapakuliwa, nalo ndilo lililomfika yule mwanafunzi. Agizo la pili lina nguvu zaidi: hata kivinjari kinachojua kuonyesha faili la namna hiyo kwa kawaida kitalihifadhi. Na mapendeleo ya mwenye kifaa nayo yana uzito wake. Edge ya Microsoft, kwa mfano, ina mpangilio wa kufungua mafaili ya Office ndani ya kivinjari kwa kionyeshi cha mtandaoni; ukizimwa, faili lile lile hupakuliwa. Watu wawili wakae benchi moja, waguse kiungo kimoja kwa wakati mmoja, na mmoja atasoma shairi hali mwingine anatafuta faili limeangukia folda ipi.

Lebo ikikosewa, mambo huwa ya kuchekesha kidogo. Office ya mwaka 2007 ilileta aina mpya ya faili, .pptx, ambalo kwa hakika ni bahasha iliyobanwa yenye mafaili mengi madogo ndani yake. Seva nyingi za wakati ule hazikuijua aina hiyo, zikatuma mzigo bila lebo ya maana. Internet Explorer ikawa inaunusa mzigo, inatambua harufu ya bahasha, na inaliita faili .zip. Mtu aliyekuwa akingoja mhadhara alipokea bahasha iliyojaa vipande asivyojua kuvisoma. Kabla ya hapo, kivinjari hicho hicho kilikuwa na mazoea ya kuliazima umbo la PowerPoint na kulionyesha wasilisho ndani ya dirisha lake, hata msomaji asijue yuko wapi. Akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, wasilisho lote linamtoroka. Internet Explorer imestaafishwa mwaka 2022, lakini tabia iliyotufundisha, ya kutuma kiungo na kumwachia Mungu, bado tunayo.

Ipo pia tofauti ya herufi moja, ambayo sisi wenye kuhesabu silabi hatuna udhuru wa kuipuuza. Faili lenye kiambishi .ppt au .pptx, likipokelewa na PowerPoint ya kompyuta, hufunguka jikoni: vyungu viko wazi, visu viko mezani, na kila aingiaye aweza kukoroga. Faili lile lile likihifadhiwa kama onyesho, kwa .pps au .ppsx, hufunguka sebuleni, slaidi imejaa kioo chote, na mgeni huona tu kile alichoandaliwa. Sisemi kwamba hiyo ni kufuli. Mwenye nia ataingia jikoni kwa mlango mwingine, na programu nyingi za simu hazijali tofauti hiyo hata kidogo. Isitoshe, tangu Office ya 2010, faili lililotoka mtandaoni hufunguka kwanza katika hali ya ulinzi, likiwa na ukanda wa manjano juu yake unaomwonya msomaji. Mzee asiyejua maana yake atadhani amevunja kitu. Hata hivyo ni uamuzi, na mimi sikuufanya. Nilihifadhi kazi ya mzee kwa kiambishi cha jikoni kwa sababu ndicho kilichokuwa kimekwisha kuchaguliwa kompyuta ilipofungua dirisha la kuhifadhi.

Nitaulizwa: yanatuhusu nini sisi haya ya mafundi? Yanatuhusu kwa sababu shairi lina umbo, na umbo ndilo linaloharibika kwanza. Chukueni ubeti huu, ambao niliutunga kwa hasira ya siku ile:

Kiungo nimekituma, kifunguke kwa makini,
Beti zangu nikapima, nane nane kwa mizani,
Mbona leo zimehama, zimeanguka pembeni?
Utao umesimama, ukwapi u mashakani.

Mizani kumi na sita kwa mshororo, vina vya -ma na -ni, tarbia ya kawaida isiyo na makuu. Niliuandika kwa fonti moja nyembamba iliyomo katika kompyuta yangu. Fonti hiyo haimo katika simu ya ndugu wa Tabora. PowerPoint, au programu iliyokaa mahali pake, haikumwambia kwamba imekosa fonti. Ilichukua nyingine iliyo pana zaidi, na sanduku la maandishi lilipokosa nafasi, likashusha chini yaliyozidi. Alichokiona ni hiki:

Kiungo nimekituma, kifunguke kwa
makini,
Beti zangu nikapima, nane nane kwa
mizani,
Mbona leo zimehama, zimeanguka
pembeni?
Utao umesimama, ukwapi u
mashakani.

Tarbia imegeuka kitu cha mistari minane, mmoja mrefu na mmoja kibeti. Msomaji mjuzi ataliunganisha kichwani. Mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyefundishwa wiki iliyopita kwamba tarbia ina mishororo minne, atahesabu minane na kuniandikia kwamba nimekosea, naye atakuwa na haki. Na wale wa shairi huru wasijione wamesalimika. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974, wamekuwa wakituambia kwamba pumzi ya shairi haimo katika vina bali katika mahali mstari unapokatwa. Kama ni hivyo, wao wana zaidi la kupoteza kuliko sisi, kwa kuwa mshororo wangu ukikatwa vibaya kina kitamwongoza msomaji kuuunga upya, na wa kwao hauna cha kumwongoza.

Hali ni mbaya zaidi kwa wanaojitahidi kuonyesha tenzi kwa hati za Kiarabu zilizoandikiwa. Mwelekeo wa kulia kwenda kushoto hupotea katika kionyeshi kimoja, herufi zilizobuniwa kwa sauti za Kibantu hugeuka visanduku vitupu katika kingine, na irabu huelea mbali na konsonanti zake. Mtu ametumia miezi kunakili hati kwa uaminifu, na kazi yake inafunguka kama ukuta uliomeguka.

Wazee wetu wa ushairi hawakuyaona mambo ya chombo kuwa ya mafundi. Katika dibaji za tenzi za kale, mtunzi huagiza aletewe karatasi na wino kabla hajaanza. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anaanza kwa kumwita binti yake aje na vyombo hivyo. Tumezoea kuyasoma maagizo hayo kama pambo la kufungulia. Mimi siku hizi nayasoma kama yalivyosemwa: mtunzi anajua kwamba kazi yake itaishi ndani ya kitu, na anataka kitu hicho kiwe chema. Muyaka bin Haji hakupata kuchagua. Alifariki Mombasa yapata mwaka 1840, na mashairi yake yakakaa katika vifua vya watu hadi mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua alipomsaidia William Taylor kuyaandika; hatimaye Hichens akayachapisha kuwa diwani mwaka 1940. Katika safari hiyo ya miaka mia kila mpokezi alikuwa mtu. Ana jina, ana mapendeleo, ana makosa yanayoweza kujadiliwa na wahakiki. Hata mhariri wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 na kuwapa washairi uwanja kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa kuandikiwa barua. Leo mpokezi wa shairi la mzee wa Nsemulwa ni mpangilio ambao haukuandikwa kwa ajili yake, wala hauna pa kupelekewa barua.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye ni wa Ujiji na kwa hiyo ni jirani yetu sisi watu wa magharibi, alitupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Tumezibishania miaka yote hii, nani anazifuata na nani anazivunja. Sheria za kutuma mashairi hatunazo. Hatuna hata desturi.

Sasa niwageukie wanaonipinga, maana wapo, na mmoja wao namheshimu sana. Ni kijana fundi wa kompyuta hapa Mpanda, nami nilimpelekea malalamiko yangu nikitaraji anionee huruma. Akaniambia, "Mwalimu, simu ni ya msomaji. Bando ni lake, kioo ni chake, macho ni yake. Wewe unataka kuingia nyumbani kwa mtu na kumpangia viti?" Maneno yake yalinikaa. Anasema kweli kwamba kivinjari ni mtumishi wa msomaji, si wangu, na kwamba watu wema waliojenga wavuti walifanya hivyo kwa kusudi. Msomaji asiyeona vizuri lazima aweze kukuza herufi, hata kama zitavunja mshororo wangu. Msomaji anayesikilizishwa na programu ya kusoma kwa sauti hana haja na fonti yangu nyembamba. Mshairi anayelazimisha onyesho lijaze kioo chote na kuficha njia ya kutokea ni mjeuri, awe na vina vizuri kiasi gani.

Kwa hiyo nimelipunguza dai langu, na sasa linasimama hivi. Umbo la shairi ni haki ya mtunzi, na kuingia kwa faili katika simu ya mtu ni haki ya mwenye simu. Nilizikiuka zote mbili kwa mguso mmoja: sikulinda umbo, na niliwaingizia watu mzigo bila kubisha hodi.

Tazameni maneno tunayoyatumia. Kupakua ni kushusha shehena chomboni, na jikoni ni kutoa chakula chunguni kukitia sahanini. Hakuna anayempakulia mgeni bila kumkaribisha kwanza. Na kubofya, kabla halijawa neno la kompyuta, ni kuliminya tunda taratibu kwa vidole ili ujue kama limeiva. Mnunuzi wa maembe sokoni hubofya ili ajue, kisha ndipo anunue. "Bofya hapa" zetu ni kinyume chake: anayebofya amekwisha kununua. Hajui kama ni ukurasa au faili, kama ni kubwa au dogo, kama litafunguka au litaangukia folda asiyoijua. Sisi tunaojigamba kwa uteuzi wa maneno tunaandika kiungo kwa maneno mawili yasiyosema kitu.

Ukubwa nao una aibu yake. Beti saba za tarbia ni takriban herufi 1,300 pamoja na nafasi zake; katika maandishi matupu hazifiki kilobaiti 2. Faili nililolituma lilikuwa la megabaiti 38. Yule binti alilipia mzigo mkubwa kuliko shairi mara zaidi ya elfu kumi, tena mara mbili, ili apate picha za machweo ya ziwani ambazo hakuziomba na ambazo, nakiri, zilikuwa za kujionyesha tu.

Ndiyo maana rai yangu ya kwanza kwa wenzangu ni kwamba mashairi mengi hayahitaji slaidi kabisa. Yaandikwe katika ukurasa wa kawaida, kila mshororo mahali pake. Kivinjari kinajua kuusoma ukurasa tangu kuzaliwa kwake, hakimuulizi mtu kitu, wala hakipakui faili la kuhifadhiwa. Slaidi zina haki yake pale mfuatano ulipo sehemu ya maana, kama katika fumbo la mzee, au katika mhadhara ambamo msemaji anataka hadhira ione mfano baada ya kuusikia.

Slaidi zikihitajika, mtumaji aziandalie milango miwili. Mlango wa kwanza uwe wa kusoma hapo hapo, kwa PDF, ambayo hubeba fonti zake yenyewe na karibu kila kivinjari cha kompyuta huifungua bila msaada. Katika simu nyingi pia husomeka bila tabu. PDF haijui kufichua mshororo kwa mshororo, hivyo anayetaka kuficha jibu alitengee ukurasa wake peke yake, mwishoni. Mlango wa pili uwe wa kupakua onyesho lenyewe, kwa .ppsx, kwa atakayelionyesha darasani. Na juu ya kila mlango paandikwe kwa Kiswahili kamili kilichomo: "Soma shairi hapa (PDF, MB 1)" na "Pakua onyesho la slaidi (MB 4)". Mwenye tovuti yake amwombe msimamizi wa seva ahakikishe kila aina ya faili ina lebo yake sahihi, na kwamba agizo la kiambatisho limewekwa katika mlango wa pili tu.

Wengi wetu hatuna tovuti. Tunatumia Google Slides kwa kuwa ni bure. Huko nako uamuzi umo mikononi mwetu kuliko tunavyodhani. Kiungo tunachonakili kutoka juu ya kivinjari huwa na neno /edit mwishoni, na ndicho tunachokituma bila kukitazama. Neno hilo likibadilishwa kuwa /preview, msomaji huonyeshwa slaidi bila zana za kuhariri. Likiwa /present, huingizwa moja kwa moja katika onyesho. Likiwa /export/pdf, hukabidhiwa PDF. Mabadiliko ya neno moja, kama mshairi abadilishavyo kina. Lakini kubadilisha neno si kubadilisha ruhusa: aliyepewa ruhusa ya kuhariri aweza kulirudisha neno la kwanza na kuingia jikoni, kwa hiyo ruhusa nayo iwekwe kuwa ya kutazama tu. Mimi niliiacha wazi kwa kila mwenye kiungo, kwa uvivu, ili wenzangu watatu waweze kusahihisha tahajia. Sina hakika kwamba yule aliyebadilisha vina vya ubeti wa sita alijua kuwa anatenda kosa. Huenda alidhani ameombwa kusahihisha. Jikoni kulikuwa wazi.

Na maelezo ya msemaji yafutwe kabla ya kutuma. Hili nalisema kwa uchungu wa mtu ambaye nusu ya Rukwa sasa inajua kwamba hukumbushwa kuvuta pumzi.

Hakuna katika haya kinachomzuia mwizi. Atapiga picha ya kioo, atanakili kwa mkono, atalikariri. Watu walinakili mashairi na kuangusha kaditamati zamani kabla ya umeme. Ninachokitafuta ni kidogo kuliko hicho: kwamba shairi linapofika kwa mtu mwaminifu, lifike kama lilivyotoka, na jina la mwenyewe likiwamo, bila kumgharimu asichokubali.

Tumelituma upya. Safari hii nililijaribu kwanza kwa simu nne za majirani, mbili kati yake za bei ya chini kabisa sokoni, na katika moja ya hizo ubeti wa tatu uligoma hadi nilipopunguza herufi. Kiungo kinasema uzito wake, na PDF nzima haizidi megabaiti 1. Kisha nikampelekea mzee aione katika simu ya mjukuu wake, tukaketi barazani, yeye akisogeza kurasa kwa kidole kimoja polepole hadi akaufikia ubeti wa saba. Alilisoma jina lake kwa sauti. Akafikiri, akaomba kalamu, na nyuma ya bahasha akaanza kuutengeneza upya ubeti wa kwanza, akihesabu mizani kwa vidole, ili jina lake liingie humo pia, mbele kabisa, kabla ya swali.

Nilimwambia kwamba si desturi, kwamba jina hukaa kaditamati. Akanijibu kwamba desturi hiyo iliwekwa na watu waliokuwa na hakika kuwa msomaji atafika mwisho. Mimi ningaliliacha pale lilipokuwa. Lakini shairi ni lake, na toleo lenye jina mahali pawili ndilo mtakalolikuta mkikifuata kiungo.